Sala Iliyofika kwa Kengele

Pale kiwandani walituita Wateule, na hawakuwa na nia ya kutusifu. Tulikuwa wawili tu, mimi na Mama Pacha, lakini wawili hao waliwatosha. Tukiingia asubuhi mtu wa pasi alisimama wima na kutangaza, "Pisheni, Wateule wanapita, msije mkawachafua!" Watu wakacheka, nasi tukacheka kidogo ili tusionekane tumenuna. Kiti changu kilipotea mara nyingi hata nikazoea kwenda kukitafuta chooni. Siku moja nilikuta ovaroli niliyoishona vizuri imefumuliwa mguu mzima, na mezani wameandika kwa chaki: Mungu wako atashona. Niliishona mwenyewe, kwa hasira ambazo zingeweza kuendesha cherehani bila umeme.

Niseme mapema, mimi si mpole. Nimeokoka, lakini ulimi umechelewa kupata habari.

Mpole ni Mama Pacha. Yeye alishona kola, mimi nilifunga mishono ya pembeni, cherehani zetu zikitazamana. Ndiye aliyenileta kwa Bwana. Wakati huo nilikuwa nimetoka kumzika mama yangu, nakuja kazini macho yamevimba, watu wananipa pole ya mdomoni kisha wanarudi kwenye umbea wao. Yeye hakunipa pole. Alihamisha kiti chake, akakaa upande wangu kutwa nzima, akanishonea nusu ya kazi yangu bila kusema neno. Nikamuuliza, "Una nini wewe?" Akasema, "Nina Mungu." Mtu akikuambia hivyo ukiwa katika hali ile, unamfuata. Nikamfuata. Dada yangu mkubwa akasema nimewatukana wazee wetu waliotulea katika njia nyingine, akaacha kupokea simu zangu mpaka leo. Mume wangu hakunizuia, ila alinicheka.

"Mungu kawakosa watu wote duniani," alisema, "akakuchagua wewe, na mdomo huo?"

Hata mimi nilikuwa najiuliza hilo hilo.

Katika kikundi chetu cha sala kila muumini ana mwenzake wa kupiga naye magoti, na wangu alikuwa Mama Pacha. Wakati wa chakula tulikwenda nyuma ya mabunda ya kitambaa, mahali ambapo wenzetu wa kiwandani walipaita Mbinguni, tukapiga magoti juu ya mabaki ya jinzi na kuomba kwa sauti. Kwa sauti, na kwa kutaja. Ndivyo alivyonifundisha. "Usimpe Mungu mafumbo," alikuwa akisema. "Taja mtu, taja mahali, taja kitu. Ukiumwa jino usiombee mwili, ombea jino." Basi nilitaja. Nilimtaja dada yangu, nilitaja ugomvi wangu na mume wangu, nilitaja hata uvimbe niliouona kwenye titi na kuogopa kumwambia mtu yeyote. Yote niliyomwambia Mungu yalipitia sikioni mwa Mama Pacha, na sikuona ubaya. Nilimwona kama sehemu ya sala yenyewe.

Sasa, Wifi. Wifi hakuwa wifi wa mtu yeyote pale. Aliwaita wanawake wote wifi, nao wote wakamrudishia jina. Alikuwa mkataji. Alisimama kwenye meza ya kukatia na mashine yenye kisu kinachopanda na kushuka, akiipitisha kwenye tabaka za kitambaa kwa kufuata mstari wa chaki. Mbele ya kisu huwa kuna kinga, kipande cha bati kinachozuia vidole. Kinga ikiwepo huwezi kukata tabaka nyingi kwa mpigo, na wakati ule tulikuwa na oda kubwa ya makoti ya kazi. Msimamizi wetu tulimwita Kengele, kwa sababu sauti yake ilitangulia kufika kabla ya mwili. Akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la kazini: "Wakataji, toeni hizo kinga zote, zinatuchelewesha. Atakayeniletea habari za vidole nitamwonyesha mlango." Kila mtu aliusikia. Wengine waliurudia kwa kumuigiza, na walimpatia kweli.

Wiki haikuisha, kisu kikaondoka na vidole viwili vya Wifi. Sitaeleza zaidi. Nilikuwa wa kwanza kumfikia, nikamfunga mkono kwa kitambaa cha koti, nikaenda naye hospitali kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Alipolazwa alinishika kwa mkono ule mzima.

"Wifi, hawa watanigeuka," akasema. "Nawajua. Watasema ni uzembe wangu, na nikishakuwa mzembe hakuna wa kunitibu wala kunirudisha kazini. Niambie utasema."

"Nitasema."

"Mbele yao?"

"Mbele yao."

Ndipo akakubali kufumba macho.

Kengele hakusubiri hata damu ikauke. Alitukusanya kwenye ukumbi wa kushonea, akasimama juu ya kreti. "Mkaguzi anakuja," akasema. "Mkimwambia kinga zilitolewa kwa amri, kiwanda kinafungwa, na nyie wote mnarudi nyumbani kupigwa na jua. Wifi aliitoa mwenyewe. Mmenielewa? Mwenyewe. Na ile sauti kila mtu aifute sasa hivi." Kinga za mashine zile nyingine mbili zilikuwa zimeshafungwa tena, zinang'aa kana kwamba hazijawahi kutoka. Watu wakatoa simu zao. Mtu wa pasi alimaliza wa kwanza, akainua simu yake juu aonekane. Mimi yangu niliiacha mfukoni. Nilikuwa nimekaa nyuma ya rundo la makoti, na hakuna aliyeniuliza.

Baadaye mtu wa pasi alitufuata kwenye cherehani zetu, na safari hii hakuwa anatania. "Nyie Wateule, nawaomba," akasema. "Chakula chenu labda kinashuka kutoka mbinguni. Sisi tunakipata hapa hapa. Msituharibie." Nilitaka kumjibu, nikaendelea kushona, maana nilijua ana mama mgonjwa anayemtegemea yeye tu. Kuanzia hapo vichekesho viliisha. Walikaa kimya tulipopita, na kimya kile kilinitisha kuliko kelele zote za nyuma. Mtu alinimwagia chai ya moto miguuni akasema samahani huku akinitazama usoni.

Tulipokuwa tunatoka nilimuuliza Mama Pacha, "Tutasemaje?"

"Tutasema kweli," akasema. "Kwani tuna kingine? Ukisimama wewe, nami nasimama." Akanishika mkono mpaka tulipofika njia panda. Niliona kama nimepata ukuta wa kuegemea.

Siku moja kabla ya mkaguzi kuja tulikwenda Mbinguni kwetu, tukapiga magoti. Nilikuwa na hofu, na hofu ilinifanya nitaje kila kitu. "Bwana," nikasema, "Kengele anadhani kila mtu amefuta ile sauti. Mimi ninayo. Imo humu kwenye simu yangu. Kesho mkaguzi akiuliza nitasimama nimsikilizishe. Nizuie nisitetemeke. Mkumbuke Wifi na mkono wake. Mkumbuke na mtu wa pasi, usimwache akose kazi kwa sababu yangu." Mama Pacha alisema amina, amina nyingi kuliko kawaida yake. Tukapangusa nyuzi magotini, tukarudi kazini.

Jioni, tukiwa tunafunika cherehani, akaniambia, "Mpendwa, simu yangu imezima. Nipe yako niwapigie mapacha."

Nikampa. Namba ya siri aliijua, nilimwambia mwenyewe zamani, maana ningemficha nini mtu anayejua mpaka uvimbe wangu? Alitoka nayo uani. Aliporudi alinishukuru, akaniuliza kama kikohozi cha mume wangu kimepoa.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Hakuwa na haraka. Aligusa kinga zile mbili, akazitikisa, kisha akauliza ya tatu iko wapi.

"Aliitoa mwenyewe, mama," akasema Kengele, na siku hiyo sauti ilikuwa laini kama ya mchumba. "Wakataji hawa wakaidi sana. Wanaona inawazuia."

Mkaguzi akatugeukia. "Ndivyo?"

Mtu wa pasi akasema ndivyo. Wa vifungo akasema ndivyo. Wakataji wawili waliobaki, waliofungua kinga zao kwa mikono yao wenyewe, nao wakasema ndivyo, wakitazama chini. Ikazunguka ukumbi mzima.

"Kuna mwenye la kusema tofauti?"

Miguu yangu ilisimama kabla ya kichwa kukubali. Nikaeleza yote: oda, kinga, amri, vidole. Nilitetemeka, lakini nilieleza. "Na ushahidi ninao," nikasema, nikatoa simu.

Kengele hakushtuka. Hilo peke yake lilitosha kunifungua macho, lakini sikuwa na nafasi ya kulifikiria. Alikunja mikono, akaegemea meza kama mtu anayesubiri chai yake iletwe. Nilifungua kundi la kazini, nikapandisha juu. Nikaona picha ya koti la mfano. Nikaona tangazo la kuzima taa za chooni. Katikati ya hivyo viwili, pale ilipokuwa sauti, hapakuwa na kitu. Nikapandisha, nikashusha, nikapandisha tena. Vidole viliteleza kwa jasho. Nyuma yangu mtu akaguna, mwingine akacheka.

Na mjue kwamba hata hapo sikumdhania. Nilidhani ni simu. Nikasema, "Mama mkaguzi, simu imenichezea, lakini siko peke yangu. Muulize mwenzangu huyu." Nikamgeukia Mama Pacha na moyo wangu wote, nikamngoja asimame.

Hakusimama. Alikuwa na kola mapajani, anaikunja na kuikunjua.

"Ulisikia hiyo sauti?" mkaguzi akamuuliza.

"Hapana, mama," akasema Mama Pacha. "Sijasikia sauti yoyote. Huyu dada yangu amechoka. Tangu amzike mama yake hayuko sawa. Tunamwombea."

Tunamwombea. Neno hilo ndilo lililonifumbua macho. Namba ya siri. Uani. Zile amina. Nilikuwa nimemwambia Mungu mchana, na kabla jua halijazama Kengele alikuwa anajua. Nilikaa chini, simu ingali mkononi. Mkaguzi alinijia mpaka karibu, akasema kwa upole, "Nimekusikia, dada. Lakini siwezi kupeleka sauti ambayo haipo." Alikuwa anasema kweli, na sikumlaumu.

Alipoondoka tu, Kengele alinyoosha kidole kwenye mlango. "Mteule," akasema, "nenda kachaguliwe kwingine." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kile cha watu ambao roho zao zilikuwa juu na sasa zimeshuka.

Mama Pacha alinifuata mpaka langoni. Sikutaka anifuate, lakini nilitaka kumuuliza.

"Kwa nini?"

"Nina mapacha, mpendwa," akasema. "Hawana baba. Kengele aliniita siku ile ile Wifi alipoumia. Nikimsaidia, nakuwa msaidizi wake. Nisipomsaidia, natoka. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia!"

"Ungenizuia."

"Basi ungenyamaza! Ulilazimika kuniita mwehu mbele ya watu?"

Akafuta machozi kwa ile kola. Machozi yalikuwa ya kweli, nadhani, na hilo lilinichoma zaidi. "Mungu anaujua moyo wangu," akasema.

Nilitaka kumzaba kofi. Mkono ulishanyanyuka. Nikautumia kupandisha mkoba begani, nikaondoka.

Nyumbani nilimsimulia mume wangu kila kitu. Hakucheka. Alinichemshia maji ya kuoga bila kuombwa, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu anioe, na afadhali angecheka, maana huruma yake ilinionyesha ukubwa wa kidonda.

Siku mbili tatu nilikaa ndani, naona aibu kwenda kwa Wifi mikono mitupu. Niliahidi kusema, nikasema, lakini kusema kwangu hakukumsaidia chochote. Mwishowe nikajikaza kisabuni, nikaenda. Nilijipanga njiani namna ya kumweleza: kwamba tumeshindwa, kwamba nimefukuzwa, lakini kwamba neno langu kwake nililitimiza. Hilo tu ndilo nililokuwa nalo la kumpelekea.

Mama yake alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Hakuitikia.

"Umekuja kutazama nini?" akauliza Wifi.

"Wifi, pole. Nimekuja..."

"Usiniite hivyo. Mama Pacha alikuwa hapa jana. Kaniombea, kalia hapa mpaka shuka imelowa. Kaniambia yeye ndiye aliyesimama mbele ya mkaguzi, peke yake, na wewe ukainamisha kichwa. Halafu kwa aibu ukaacha kazi. Akasema nisikuchukie, eti woga nao ni ugonjwa."

Kumbe kuninyang'anya ushahidi hakukumtosha. Amechukua na kusimama kwangu, akakuvaa yeye.

"Muongo!" nikasema, na sauti ikafika vitanda vya mwisho. "Mimi ndiye niliyesimama! Amenifutia sauti kwenye simu kwa mkono wake, akaniita kichaa mbele ya watu!"

"Punguza sauti, kuna wagonjwa," akasema mama yake.

Wifi alinikazia macho. Mkono wenye bandeji ulikuwa juu ya mto, umeinuliwa ili usivimbe. Nilipomwona anatafuta kitu usoni pangu nilipata tumaini.

"Yeye aliniapia," akasema polepole. "Kaweka mkono kifuani, kaapa kwa Mungu wake. Lakini wewe ndiye uliyenifunga huu mkono. Nataka kukuamini. Basi na wewe apa. Apa kwa Mungu huyo huyo kwamba ulisema, nami nitakuamini, yaishe."

Sisi hatuapi. Katika kikundi chetu ndivyo tulivyo: jina la Mungu hatuliweki rehani kwa maneno yetu, tukisema ndiyo tumeshasema. Ni jambo dogo ambalo watu wengine hata hawalioni, na kila aliye kati yetu amewahi kuchekwa kwa ajili yake. Aliyenifundisha ni Mama Pacha. Nilikuwa nimeapa kwa kaburi la mama yangu juu ya uzi uliopotea, akanishika kidevu kama mtoto. "Acha hiyo," akaniambia. "Wewe ni mteule sasa. Neno lako lisimame lenyewe."

Ulimi ulikuwa tayari. Nisingeapa uongo, ningeapa kweli tupu, na mtu ninayempenda angenirudia. Nikawaza, Mungu ataelewa, Mungu anaujua moyo wangu. Nikatambua sauti iliyokuwa inasema maneno hayo kichwani mwangu: ni ile ya langoni.

"Siwezi kuapa, Wifi," nikasema. "Lakini nilisema. Mbele yao wote, kama nilivyokuambia. Nilisema."

"Kuapa tu kunakushinda?"

"Nilisema."

Alisubiri. Nami nilisubiri, nikimtazama, nikitamani neno langu lisimame lenyewe kama nilivyoahidiwa. Halikusimama. Wifi akageuza uso kwa mama yake. "Kumbe ni kweli," akamwambia. Mama yake akainuka, akanifungulia mlango.

Kwenye ujia niliegemea ukuta. Makaburini kwa mama yangu sikuumia vile. Nilijua kwamba Mungu anajua, nimeimba hivyo, nimewaambia wengine hivyo. Lakini pale nilitaka Wifi naye ajue, na kujua kwa Mungu peke yake hakukunitosha. Nilimwambia Mungu hivyo hivyo, kimoyomoyo, mara ya kwanza kumwomba bila kutoa sauti.

Nilipoinua macho nilimwona Mama Pacha anakuja kutoka upande wa ngazi, mfuko wa machungwa mkononi, mapacha wake wawili kila mmoja upande wake. Watoto waliponiona walimwacha mama yao, wakanikimbilia, wakanikumbatia miguu. "Shangazi! Shangazi!" Hawakuwa wameambiwa kitu. Niliwashika vichwa, maana wao walinikosea nini?

Mama yao alisimama. Niliona anatafuta njia nyingine na hakuna. Kisha akavaa lile tabasamu lake la upole, akanisalimia salamu yetu, kwa sauti ya kusikika, mbele ya watoto na wauguzi.

"Bwana asifiwe, mpendwa."

Salamu ile haiachwi hewani. Watoto waliinua nyuso, wakanitazama wakisubiri niitikie. Nilifikiria kila alichonifanyia yule mwanamke. Nikatafuta humo kosa la Bwana mwenyewe, sikuliona.

"Amina," nikaitikia. Kisha nikawabandua watoto miguuni mwangu taratibu, nikampita, na mkono sikumpa.